Wifi Yangu Alipotafutiwa Mke

Kila mtu katika soko la Muthetheni ana maoni kuhusu tumbo la Mwelu. Mwelu ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu Muema, na ndiye mwenye ile mashine ya kukoboa mahindi nyuma ya maduka, mahali watu wanapoleta mahindi yao yatolewe ganda yawe muthokoi. Mimi nauza mitumba mkabala na mashine hiyo, kwa hiyo nasikia yote.

"Hongera, Mwelu! Iko na miezi mingapi?" anauliza mwanamke aliyetua debe lake la mahindi.

"Hakuna kitu, mama," Mwelu anajibu.

Yule anacheka. Halafu anampapasa tumbo, ndiyo, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wateja. "Unatuficha!" anasema. Nami upande wa pili natamani kumrushia kiatu, na viatu ninavyo vingi.

Tangu aolewe kwetu, Mwelu amepewa na soko mimba nyingi kuliko mbuzi wote wa tarafa ya Mwala, na hata moja haikuwa yake. Alikuwa amenenepa, kweli, na unene wenyewe ulikaa tumboni. Hedhi yake ilikuwa inakuja ikitaka. Inanyamaza miezi kadhaa, halafu siku moja inakuja na kukataa kuondoka. Kidevuni alikuwa anaota ndevu, akizing'oa kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine, na leso aliifunga hadi chini ya masikio ili watu wasione chunusi. Hayo yote aliyabeba kimya, akidhani ni umbile lake baya.

Si kwamba hakutafuta msaada. Alienda kliniki moja akaambiwa, bila hata kuguswa mkono, "Mama, punguza mwili. Wacha chipsi, fanya mazoezi." Mazoezi! Huyu ni mwanamke anayeinua magunia tangu soko lifunguliwe hadi lifungwe, ambaye akikushika mkono akikusalimia unahisi mifupa ikisogea. Na chipsi anazipatia wapi? Alienda kliniki nyingine akaambiwa azae kwanza, mengine yatajipanga yenyewe. Nilipoambiwa hilo nilicheka kwa hasira mpaka mteja akaondoka na sweta bila kununua. Mtu amekuja kwa sababu hazai, dawa anayopewa ni kuzaa.

Akanunua chai ya kupunguza tumbo kwa mwanamke anayezunguka sokoni na kipaza sauti. Ilimharisha wiki nzima na tumbo likabaki pale pale. Yule mwenye kipaza sauti aliporudi nilimfukuza na mwiko wa ugali. Nasema mwiko, lakini ulikuwa ufagio, na ninasikitika tu kwamba alikuwa na mbio.

Mwishowe akampata daktari mmoja mwanamke huko Machakos mjini, akaenda na Muema. Huyo alikuwa na dawa ambayo wengine wote walikosa, nayo ni masikio. Alimsikiliza Mwelu hadi mwisho, akampima damu, akampiga picha ya tumbo, kisha akampa jina la kinachomsumbua. Kwa Kiingereza wanalifupisha PCOS. Mwelu alirudi akanieleza, akichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika juu ya meza ya mzani.

"Mwili yangu inatengeneza insulini, ile ya kupanga sukari kwa damu, lakini haisikii," alisema. "Sasa inatengeneza ingine mingi zaidi. Hiyo mingi inachokoza mayai yangu, yanakataa kukomaa, na homoni za kiume zinapanda. Ndio ndevu hizi. Ndio mafuta inakaa tumbo. Na mafuta ikikaa, insulini nayo inapanda zaidi." Kidole chake kilikuwa kimechora duara. "Kaluki, kumbe sio ati nilinona ndio nikagonjeka. Hii kitu ndio ilikuwa inaninonesha."

Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na hayakuwa ya kumlenga yeye.

Daktari alimpa vidonge vinavyoitwa metformin. Akamwonya mapema: hii dawa inatumiwa sana na watu wenye ugonjwa wa sukari, lakini wewe damu yako nimeipima na huna sukari, kwa hiyo usishtuke ukiambiwa kwenye duka la dawa kwamba ni ya sukari. Kazi yake kwako ni kuufanya mwili uisikie insulini. Akamwambia pia kwamba si dawa ya kukondesha, wala hakuna kidonge kitakachomfanyia kazi peke yake. Akipungua kidogo tu, si lazima awe mwembamba, mayai yanaweza kuanza kukomaa. Na yasipoanza, kuna dawa nyingine ya kuyasukuma.

Vidonge vyenyewe havikuja kwa upole. Alitakiwa kuvimeza pamoja na chakula, aanze kidogo aongeze polepole. Siku ya kwanza alikuwa na foleni ya wateja, akameza bila kula. Wui! Nilikaa kwenye mashine yake mchana mzima nikikoboa mahindi ya watu, naye akiwa kwenye choo cha soko. Aliporudi, macho yamemtoka, nilimwambia kama insulini haijasikia hizo kelele basi ni kiziwi kabisa. Tulicheka hadi akalazimika kurudi chooni.

Lakini alishikilia. Akajifunza kula kwanza, tumbo likazoea. Akaacha sukari kwenye chai. Mwanamke anayekoboa muthokoi wa tarafa nzima akaacha kula muthokoi, akawa anapika isyo, mahindi yenye ganda lake na maharagwe, na siku nyingine ndengu na mboga za majani, sahani imejaa kijani. Jioni akawa anawapita watu wa bodaboda na kwenda kwake kwa miguu, akitembea kwa haraka kama mtu anayedaiwa. Kilo hazikukimbia, ziliondoka kwa kusukumwa. Sketi ikaanza kuzunguka kiunoni.

Halafu asubuhi moja alivuka njia hadi kwenye kibanda changu, akaniinamia sikioni kana kwamba ana siri ya serikali. "Imekuja," alisema. Mwezi uliofuata ikaja tena, karibu tarehe ile ile. Sijawahi kumwona mtu akifurahia hedhi namna ile, na nilifurahi naye nikamchagulia sketi nzuri kuliko zote kwenye bale langu la mitumba.

Sasa nije kwa mama yetu. Sisi humwita Mwaitu, kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao, na Mwelu naye humwita hivyo. Mwaitu si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ungemjibu ukalala salama.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikula kwake, mimi, Muema na Mwelu, pamoja na rafiki yake wa chama cha akina mama, Mama Mukai. Mwaitu alikuwa amepika muthokoi. Mwelu akajipakulia kijiko kimoja cha heshima, akajaza sahani ndengu. Mwaitu aliona. Kukataa muthokoi nyumbani kwa mama mkwe ni kama kumwambia mikono yake michafu. Kisha Mwelu akatoa kidonge chake, kwa sababu ndiyo saa ya kukimeza, katikati ya chakula.

Mama Mukai akanyoosha shingo. Yeye ana sukari, anatibiwa siku nyingi. "Ngai! Hii si ni ile yangu?" akasema, akatoa pakiti yake mfukoni, akaziweka pamoja mezani. Zilifanana herufi kwa herufi. "Woi, mwanangu. Uko na sukari na unanyamaza?"

"Hapana, Mama Mukai, siko na sukari. Hii kwangu ni ya mambo ya mayai—"

"Hata mimi nilikataa hivyo mwaka wa kwanza," Mama Mukai alisema kwa huruma, akimpigapiga mgongoni. "Sisi wote huanza kwa kukataa."

Mwelu alieleza. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili na kwa Kikamba. Lakini pakiti mbili zilikuwa zimelala mezani zikifanana, na maneno ya Mwelu yakawa ya mtu anayejificha. Chai bila sukari? Sukari. Kukataa muthokoi? Sukari. Kukonda? Sukari, nini kingine. Mwaitu aliunganisha yote akapata jibu, na ukiangalia kwa macho yake lilikuwa jibu lililotulia. Ndugu yangu Muema, ambaye alikuwa ameketi mbele ya daktari siku ile na kusikia kila neno, aliendelea kutafuna.

Jumapili iliyofuata kanisa lilimwombea Mwelu kwa jina, ili Bwana aiondoe sukari. Sokoni, wale wale waliompa mimba walipokuwa wanaona tumbo sasa walimpa magonjwa walipoona limepungua. Wengine walisema sukari, wengine walinong'ona ile nyingine isiyotajwa. Akiwa mnene ni mvivu, akipungua anakufa. Niambieni, kuna mwili gani mwanamke anaweza kuwa nao hapa Muthetheni akaachwa apumue?

Na sukari hiyo ya kubuni ikazaa maneno mengine. Mwaitu akaanza kusema kwamba sukari imemkausha Mwelu tumbo la uzazi. Siku moja, nikiwa naingia uani kwake, nikamsikia akimwambia Mama Mukai lile neno letu la mwanamke tasa: ngungu. Alilisema polepole, kwa huzuni, kama anataja marehemu. Nilisimama pale nikiwa nimebeba kuku niliyemletea, nikageuka na kuku wangu.

Hapo ndipo ikaja habari ya iweto.

Kwetu Ukambani mwanamke asiye na mtoto anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Mbuzi wanapelekwa kwa jina lake, msichana anakuja nyumbani kwake, na watoto watakaozaliwa ni wa yule mama aliyeoa. Huyo msichana ndiye iweto. Ni desturi ya zamani, iliyowapa wajane na wanawake wazee jina na boma, na siidharau. Lakini ni ya mwanamke aliyekwisha kukata tamaa. Mwelu alikuwa katikati ya matibabu, hedhi yake imeanza kuja kama saa, na Mwaitu tayari amemtafutia msichana upande wa Matuu. "Sasa hizo dawa uache kujitesa nazo," alimwambia. "Ule vizuri, unone tena. Watoto watakuja kwa njia ingine."

Mwelu alinisimulia hayo akiwa amesimama kando ya mashine iliyozimwa. Jioni hiyo hakumeza kidonge. Wala kesho yake. "Nameza ya nini, Kaluki?" alisema. "Nyumba yote imeshanizika."

Nilifunga kibanda nikaenda mnadani kumtafuta Muema. Yeye ni mchuuzi wa mbuzi, hununua kwa wakulima na kuwauzia akina Abdiaziz, wafanyabiashara Wasomali wanaokuja na malori. Nilimvuta shati kutoka katikati ya kundi.

"Ulikuwa ndani kwa daktari au hukuwa?"

"Nilikuwa."

"Alisema Mwelu ako na sukari?"

"Hapana."

"Sasa mbona unanyamaza?"

Akaangalia viatu vyake. "Mwaitu amezeeka, Kaluki. Sitaki kumpandisha presha."

"Na ya Mwelu ikipanda?"

Akageukia mbuzi wake. Mbuzi mmoja alinikanyaga mguu na ninaapa alikuwa na akili kumshinda. Niliondoka nikiwa nimekasirika, lakini pia nikijiuliza. Muema si mjinga na hamchukii mke wake. Kuna kitu alikuwa anakilinda, na hakikuwa presha ya Mwaitu.

Nilienda moja kwa moja kwa Mwelu, nikamsimamia hadi akala, nikamsimamia hadi akameza. Nilimwambia akiacha dawa kwa sababu ya maneno ya watu, nitamharisha mimi mwenyewe.

Jumapili ya kikao cha kuzungumzia iweto tuliketi uani kwa Mwaitu. Alikuwepo Mzee Kitonga, mdogo wa marehemu baba yetu, aliyekuja kuongoza maneno. Mbuzi wa ntheo, wale wa kwanza kupelekwa kwa akina msichana, walikuwa wamefungwa kwenye ua, wanono, maana Muema anajua kuchagua. Mzee Kitonga akasafisha koo. Akasema jamii imeona, jamii imehurumia, na kilichobaki ni Mwelu atoe neno lake, kwa sababu kwa desturi mbuzi hawawezi kutoka bila neno lake.

Nilifungua mdomo. Mwelu akaniwekea mkono gotini.

"Mzee, nauliza tu nielewe," alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kuuliza mteja kama anataka makapi yake. "Kwa hii mambo ya iweto, mwenye kuoa ni nani?"

"Ni wewe," Mzee Kitonga akajibu.

"Mimi ndiye bwana."

"Kwa desturi, ndiyo. Wewe ndiye bwana."

"Na mwanamume wa kulala na bibi yangu, nani anamchagua?"

Mzee akacheka kidogo. "Si ni wewe. Lakini hapa hakuna haja ya kuchagua. Muema yuko."

"Basi nimekubali kuoa," Mwelu akasema. Nilimgeukia kama nimechomwa. Mwaitu akaanza kupiga makofi ya shukrani. "Lakini Muema simchagui. Mtanitafutia mwanamume mwingine."

Makofi yakaisha.

"Daktari alisema tupimwe sisi wawili," Mwelu aliendelea. Sasa sauti ilikuwa imepanda, na haikuwa ya woga. "Wawili. Mimi nilitolewa damu, nikapigwa picha, nikaambiwa kila kitu mbaya ya mwili yangu. Muema aliambiwa aende chumba cha pili atoe mbegu zipimwe. Akasema anatoka kununua maji. Nilimkuta kwa geti ya hospitali. Tangu siku hiyo namwambia twende, anasema kesho. Na kila kesho mimi nameza dawa, nanyimwa chakula na mdomo yangu mwenyewe, naombewa kanisani ugonjwa sina. Sasa mnataka nitoe mbuzi wangu, nioe mtoto wa watu, nimpatie mwanamume hajapimwa? Akikosa kuzaa na yeye, mtamwita nini? Mtasema hata yeye ako na sukari?"

"Mwanangu hana shida!" Mwaitu alisimama.

"Nani alimpima, Mwaitu?"

Mzee Kitonga alimtazama Muema, na nikajua alichokuwa akikilinda. Uso wa ndugu yangu ulikuwa wa mtoto aliyekutwa na kitu mfukoni. Nilitaka kumhurumia. Sikuweza. Mwanamume mzima alikuwa amemwacha mke wake apakwe kila uchafu ulioko Muthetheni ili yeye asiingie kwenye chumba kimoja.

Mzee Kitonga akaamuru mbuzi wafunguliwe. Akamwambia Muema aende akapimwe, na akasema kikao hakitakaa tena kabla ya hapo.

Alienda. Safari hii nilimpeleka mimi, na maji ya kunywa niliyabeba mwenyewe. Majibu yalipotoka hakuficha tena, labda kwa kuwa nilikuwa nyuma yake. Alikuja jikoni kwa Mwaitu, Mwelu akiwa anachambua ndengu kwenye uteo, akasema akiwa amesimama mlangoni. Mbegu zake ni chache na hazina mwendo mzuri. Daktari amempa dawa, amemwambia aache sigara na mitungi ya pombe ya wikendi, apunguze kitambi, na arudi apimwe tena. Inawezekana wakasaidika, yeye na Mwelu pamoja. Inawezekana pia isiwezekane. Alisema yote hayo akitazama sakafu, na mwishoni akamtaja Mwelu kwa jina na kusema, "Nisamehe."

Mimi sikuwa namtazama Muema. Nilikuwa namtazama Mwaitu. Alikuwa na neno la mwanamke tasa, nililisikia kwa masikio yangu, na nilikuwa nangoja atakalompa mwanamume. Nilingoja kwa hamu mbaya, sikatai.

Mwaitu alimshika mwanawe mkono, akamketisha kwenye kigoda, akampangusa uso kwa leso yake. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nyamaza, mwanangu," alimwambia. "Wewe ni mgonjwa tu. Ugonjwa iko na dawa."

Mikono ya Mwelu ikasimama juu ya uteo.

"Hata mimi, Mwaitu," alisema. "Hata mimi nilikuwa mgonjwa tu."